Doa Chini ya Wayo

Katika kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Nanyamba, hakuna aliyemshinda Mastura kubangua korosho. Mwenyewe alijua hivyo, na hakuficha.

Utomvu wa maganda ya korosho huunguza ngozi na kuacha weusi. Nasi huyakanyaga pekupeku. Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea chini ya wayo wake, hakulijali.

"Ni korosho tu," alimwambia mumewe, Thabiti. "Litabanduka."

Msimu ukaisha. Madoa ya mikononi yalibanduka. La wayo likatanuka.

Gaudensi, mganga wa zahanati, aliliona alipokuja kukagua vyoo.

"Mama, korosho haikai hivi," alisema. "Nenda hospitali Mtwara wiki hii hii."

Huko daktari alikata kipande kidogo, kikapimwa. Ilikuwa saratani ya ngozi, ila haikuonekana kusambaa mbali. Daktari alishauri kuondoa doa, pamoja na tezi za kwenye nena.

Thabiti alikataa. "Doa liko chini ya mguu. Nena imekosa nini? Mwisho watamkata mguu mzima."

Gaudensi, aliyewasindikiza, akamuuliza, "Ndugu Thabiti, ukiwa na kidonda mguuni, unavimba wapi?"

"Kwenye nena. Mtoki."

"Basi. Tezi za hapo huchuja vinavyotoka mguuni. Saratani nayo hupita njia hiyo hiyo. Si kila mgonjwa hutolewa tezi. Lakini doa hili limezama ndani ya ngozi, na daktari anahofia. Mguu haukatwi. Huenda ukavimba baadaye, nao tutautunza."

Thabiti alimgeukia mkewe.

"Naogopa," alisema Mastura. "Ila naogopa zaidi kuwaacha wanangu. Leteni karatasi ya kukubali upasuaji."

Hakuweka dole gumba. Aliandika jina lake, kwa herufi alizojifunza kwenye kisomo cha watu wazima.

Baada ya upasuaji tezi zilipimwa, na moja ilikutwa na saratani, kidogo sana. Nyingine zote zilikuwa safi.

Miaka mitano imepita. Mguu huvimba jioni, naye huuegemeza juu ya kinu. Nasema wazi, tunajivunia Mastura. Siku hizi moto wa kukaangia korosho hauwashwi mpaka kila mtu aoshe miguu na kumwonyesha nyayo.

Mwaka huu alishika mguu wa Thabiti. "Hili nini?"

"Korosho tu."

"Hata mimi nilisema hivyo. Nenda zahanati."

Alikwenda. Gaudensi alilitazama vizuri, akakuta kovu la moto tu. Thabiti alirudi akitembea kifua mbele.

"Mke wangu yule," aliwaambia watu njiani, "humpiti na doa."