Nyaya Zilizong'olewa Kabla ya Siku ya Tisa

Jumanne ile jua lilichomoza kama kawaida pale mjini Ciego de Ávila. Evelio alikunywa kahawa yake, akaisalimu picha ya Bikira ukutani, akatoka uani kuwasha gari. Lilikuwa gari la Kimarekani la mwaka hamsini na moja, kuukuu kumzidi yeye mwenyewe. Saa nne alitakiwa amfikishe mkewe, Caridad, kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zake zilikuwa zimekufa. Angekosa zamu hii, hakuna aliyethubutu kusema nini kingefuata.

Siku sita kabla walikuwa wamemzika mwana wao wa pekee, Osniel, aliyefia ndani ya gari la aina hiyo hiyo, lilipotumbukia kwenye mfereji wa tope jekundu katika mashamba ya miwa. Sala za siku tisa zilikuwa bado zinaendelea, na kwa watu wa pale kitu cha marehemu hakiguswi mpaka zimalizike. Evelio alilijua hilo. Lakini nyaya za gari lake zilikuwa zimeungua, na madukani hazipatikani. Jumatatu alizing'oa za gari la mwanawe, akazifunga kwenye lake.

"Mungu ataelewa," alimwambia mkewe.

Caridad akaendelea na rozari yake.

Sasa alizungusha ufunguo. Kimya. Akamwita Remigio, fundi umeme wa ng'ambo ya barabara.

"Swahiba, hili si gari, ni mzee aliyepigwa kiharusi," Remigio alitania, akishika taa yake ya kupimia. "Sijui nianze kumkanda wapi."

"Kanda popote, fundi. Saa tatu hii."

Fyuzi zilikuwa nzima. Betri ilikuwa na moto wa kutosha. Remigio akakwangua kutu pale waya wa betri unaposhikana na bodi. Ndipo honi ikalia. Mara mbili, fupi fupi.

"Shoti hiyo. Waya umegusa chuma ndani ya usukani."

Akauchomoa. Honi ikalia tena. Mara mbili.

Remigio hakutania tena. Akalegeza vichwa vya betri, akaibeba betri yenyewe, akaiweka chini kwenye saruji.

Taa za mbele zikawaka.

"Umeme huu unatoka wapi?" Evelio alinong'ona.

"Wewe nyaya hizi umezitoa wapi?"

Evelio akatazama chini. Remigio akafanya ishara ya msalaba.

Caridad akatokea mlangoni, amekwisha kuvaa viatu vyake vya kutokea. Hakumtazama mumewe. Alilitazama gari.

"Ananiita," alisema.

"Mama Osniel, usiingie humo. Nakusihi," Remigio alisema.

"Siku zote hupiga mbili akifika."

Alikuwa dhaifu, hawezi kutembea bila kushikwa, lakini alimpita Evelio kama upepo. Akaingia. Mlango ukajifunga.

Evelio akaushika mkono wa mlango. Haukufunguka. Akazunguka upande wa pili. Haukufunguka. Remigio akakipiga kioo kwa spana. Spana ikadunda, kioo hakikupata hata mkwaruzo. Ndani, Caridad alikuwa ameugeukia upande wa dereva. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Alinyamaza, kama anayesikiliza. Kisha akacheka.

Injini ikanguruma.

Evelio akapiga magoti mbele ya gari, akaegemeza mikono yote miwili kwenye bampa. Akaanza Baba Yetu. Maneno aliyoyasema tangu utotoni yakampotea katikati. Alirudia mwanzo. Yakampotea tena.

Gari halikusogea. Remigio aliapa mpaka mwisho wa maisha yake kwamba magurudumu hayakuzunguka hata kidogo.

Kisha kila kitu kikazimika. Mlango ukafunguka taratibu.

Caridad alikuwa ameegemea kiti, macho amefumba, uso umetulia. Mwili wake ulikuwa wa baridi, mgumu, kama wa mtu aliyekufa tangu jana.

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Padri alimwambia Evelio asijilaumu, naye akaitikia kwa kichwa, wala hakupata usingizi wa kweli tena.

Alipokuwa akisaidia kumtoa Caridad, Remigio aliinama kumwokotea kiatu. Mvua haikuwa imenyesha tangu Februari. Uani palikuwa pakavu, vumbi tupu. Matairi yote manne yalikuwa yamelowa tope jekundu, vipande vya majani mabichi ya miwa vimenasa ndani yake, na tope lile lilikuwa bado linachuruzika.