Sikuacha Kazi

Siku ya kwanza karani alidhani ni chai. Alikuwa ametoka kidogo kumpelekea meneja faili, aliporudi akakuta kibodi imelowa, akachukua kitambaa akafuta. Lakini ni chai gani hiyo inayochagua pa kumwagika? Vitufe vyote vilikuwa vikavu isipokuwa vitano: I, S, H, W na A. Tena vilikuwa na povu, na harufu ya sabuni mbichi, ile ambayo haijatiwa manukato, ilhali chumba cha kufungia sabuni kilikuwa ng'ambo ya uwanja wa kiwanda na kilipigwa kufuli tangu watu arobaini walipopunguzwa.

"Mama, umepitisha tambara mezani kwangu?" alimuuliza mfagiaji.

"Mezani? Mwanangu, sakafu yenyewe hainipi nafasi ya kupumua, nikahangaike na meza!"

Wakacheka. Kesho yake, saa sita ile ile mchana, vitufe vile vile vikalowa, na safari hii hakuna aliyecheka. Siku ya tatu karani alizisoma zile herufi kwa mfuatano. Ishwa.

Kazi yake ilikuwa hii. Mfanyakazi akiondoka, mwajiri hutuma hati yake kwa Mfuko wa hifadhi ya jamii kwa njia ya kompyuta: alianza lini, alifanya nini, na kazi imekwisha kwa sababu gani. Bila hati hiyo mtu hapati fao la kukosa kazi hata alie machozi ya damu. Kwenye sababu huandiki neno zima. Unaanza tu "ameach", kompyuta inakuletea mawili, moja juu ya jingine: Ameacha, Ameachishwa. Aliyeacha mwenyewe hana chake. Aliyeachishwa analo fao. Siku ya kupunguza watu karani alijaza hati arobaini. Thelathini na tisa alizipatia. Moja, ya mwanamke aliyefunga sabuni kwenye karatasi kwa miaka kumi na mmoja, wakimwita Mama Pacha, kidole kiliangukia neno la juu.

Mama Pacha alikuja mwenyewe kuuliza. "Dada, kule Mfuko wananiambia niliacha kazi. Mimi niliacha lini?"

Karani aliliona kosa lake papo hapo. Lakini kulirekebisha kulitaka barua ya maelezo yenye saini ya meneja, na meneja alikwisha mwambia kwamba akikosea tena atawafuata wale arobaini. Basi akasema mtandao uko chini, aje kesho. Alimpiga danadana hivyo mara saba. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mara ya saba Mama Pacha alikuja akishikilia ukuta, maana dawa za presha alikuwa ameacha kununua ili pacha wake wapate kula. Baada ya hapo hakuja tena. Alizikwa wiki hiyo hiyo, watoto wakachukuliwa na mama yao mdogo, ambaye naye hakuwa na kitu.

Sasa alikuwa amerudi, mchana kweupe. Kila ifikapo saa sita zilisikika kandambili zilizolowa zikija taratibu kwenye korido, chapa, chapa, zikipita mlango wa meneja, zikipita kabati la faili, zikifika kwenye kiti cha wageni, na kiti kikalia kama kinavyolia mtu akikikalia, kisha ikaanza sauti ya karatasi zikikunjwa kwa ustadi, mkunjo baada ya mkunjo, bila pupa, huku karani amekodolea kioo cha kompyuta asithubutu kugeuza shingo, akisikia pumzi ya mtu aliyechoka ikimfikia begani, mpaka kengele ya chakula ilipolia.

"Mwanangu," mfagiaji alinong'ona mlangoni, "umekaa na nani humo?"

"Hakuna mtu."

"Mbona anakohoa?"

Mfagiaji ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, saa ambayo meneja alikuwa ametoka. Mganga alifunga dirisha, akachoma ubani, akakikabili kile kiti. "Wewe uliyekaa hapo! Acha kiti cha watu. Nakuamuru, acha!"

Hapo mdomo wa karani ukafunguka wenyewe, ikatoka sauti isiyo yake, yenye kukwaruza na yenye adabu.

"Sikuacha. Niliachishwa."

Mganga aliuzima ubani, akavua miwani, akafuta macho. "Nimefukuza majini ya kila aina," alisema polepole. "Huyu nitamfukuzaje? Alikwisha fukuzwa. Dawa yake unayo wewe, dada."

Karani alilia mpaka kwikwi ikamshika. Kisha akaandika barua.

"Unajua maana ya barua hii?" meneja alimuuliza, leso puani kwa ile harufu. "Unajichongea kwa ajili ya mfunga sabuni! Tena marehemu!"

"Ana watoto wawili, bosi."

Meneja alitia saini, akamwambia mwisho wa mwezi naye aondoke. Karani akatuma marekebisho, vitufe vikakauka. Jibu la Mfuko lilikuja siku ya tatu: yamepokelewa, mhusika afike mwenyewe kuthibitisha. Akapiga simu kueleza kwamba mhusika amefariki, akaombea watoto. Wakamjibu kwamba fao si urithi. Hulipwa kwa anayefika dirishani kila mwezi na kusema bado hajapata kazi.

Alikata simu, akakigeukia kile kiti kwa mara ya kwanza. "Mama Pacha, nisamehe," alisema kwa uchungu tu, bila kutaraji jibu. "Wanakutaka mwenyewe." Kiti kikalia. Kandambili zikatoka taratibu, zikavuka uwanja, zikaenda.

Mwezi uliofuata karani naye alikuwa kwenye foleni ya Mfuko, hati yake mkononi. Alikuwa amesikia kwamba fao la Mama Pacha limeanza kuingia kwa mama mdogo wa pacha, na kwamba hakuna aliyetaka kueleza limeingiaje. Foleni ilisogea. Mbele yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja ambayo watu wote waliizunguka bila kujua kwa nini, na sakafu ya pale ilikuwa na maji. Karani alisimama nyuma ya nafasi ile, kwa sababu hakukuwa na pengine pa kusimama.

"Umepata kazi?" aliuliza mtu wa dirishani. Hakuinua uso.

"Bado," ilijibu sauti ya upole mbele ya karani. "Na watoto bado wadogo."