Jina la Kitanda cha Tisa

Binamu yangu Twalibu hakuwa mtu wa kuamini uchawi. Alikuwa fundi wa kompyuta, na mwaka 2003 aliitunza ile ya kliniki moja ya mtaa wa Ngagara, iliyohifadhi majina ya majeruhi wa vita na vitanda vyao. Asubuhi moja ya Julai aliweka kompaila mpya, ile programu inayogeuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya mashine, akakijenga upya kwayo kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha mashine nzima. Mashine ikawaka vizuri. Akanywa chai.

Saa nne muuguzi Khadidja akamwita kwenye skrini.

"Twalibu, kitanda tisa iko tupu. Huyu mutu ni nani?"

Radhia Nasor. Kitanda cha tisa. Kuingia: saa nane mchana. Hali: hai.

Radhia alikuwa mke wake. Alikuwa nyumbani Kanyosha, kusini mwa mji, mzima.

Twalibu akapekua, akaliona kosa. Kiini kilipaswa kufuta kumbukumbu ya zamani kabla ya kuitumia tena. Kompaila mpya ikauona ufutaji ule kuwa kazi bure, ikauruka. Kosa lilikuwemo miaka yote. Kompaila ya zamani ililificha tu.

"Ni mabaki," akanong'ona. "Vitu vya zamani havikufutika."

"Vya zamani? Saa nane haiyafika bado."

Akatafuta katika orodha zote za zamani. Jina la Radhia halikuwahi kuingizwa humo.

Makombora yakaanza kuanguka upande wa kusini. Simu ya Kanyosha haikuita. Barabara zikafungwa. Akabaki na kazi iliyokuwa mikononi mwake tu: akaandika mstari mmoja wa kulazimisha ufutaji, akajenga upya, akawasha.

Kitanda cha tisa kikawa tupu. Akashusha pumzi.

Saa nane wakamleta Radhia kwa machela. Kipande cha chuma kifuani. Kitanda kilichobaki kilikuwa kimoja.

Alikuwa bado anapumua. Twalibu akakimbilia kibodi, akaliandika jina la mkewe. Likafutika. Akaandika tena. Likafutika. Akaandika tena.

"Acha, kaka," Khadidja akanong'ona. "Amekwenda."

Tulimzika kesho yake. Siku ya saba Twalibu aliniomba nikae naye wakati anauondoa ule mstari wake. Akaufungua.

Chini yake palikuwa na mstari wa pili. Hakuuandika yeye. Ulihifadhiwa saa ileile tuliyokuwa makaburini, kliniki nzima haina umeme.

Lilikuwa neno moja.

Usinifute.