Shamba Lililoonekana kutoka Juu

Ilianza na matope kwenye viatu vya Adrien. Yalikuwa matope meusi, mabichi, yenye harufu ya majani yaliyooza, na hilo ndilo lililomshangaza mke wake Priscille, kwa sababu Bunia ilikuwa haijaona mvua tangu Noeli, na njia yote kutoka biro, ofisini kwake, hadi nyumbani kwao mtaa wa Shari ilikuwa vumbi tupu.

"Papa Arlette, umepita wapi?"

"Biro tu."

"Na haya matope?"

Adrien aliviangalia viatu vyake kama vya mtu mwingine. "Sijui," akasema, akaingia chumbani bila kula.

Kulikuwa na vita Ituri. Kabla haijachacha, Wazungu wa mradi mmoja walikuwa wamemwajiri Adrien achore jinsi mji wa Bunia ulivyokua na jinsi misitu ya Djugu ilivyopungua. Alikuwa akiweka foto zilizopigwa angani na avion wakati wa Wabelgiji kando ya picha mpya za satelite, akipaka rangi: hapa mapaa, hapa mashamba, hapa pori. Wazungu walipokimbia walimwachia ufunguo na makaratasi yote, hata ramani alizoziita karte, naye akaendelea kwenda kila asubuhi ingawa hakuna aliyemlipa. Aliipenda kazi ile. Siku moja alimpeleka Priscille biro akamwonyesha.

"Kwa hii picha musitu inaonekana nyekundu," alimwambia, kidole juu ya karatasi. "Kwenye mutu amelima, inageuka bluu kidogo. Mutu anaweza kujificha kwa mutu mwenzake. Kwa satelite hapana."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Priscille amwambie siri. Kijiji chao kilipochomwa, mama yake, dada yake Domitille na kaka yake Michée walikimbilia bonde la Lidha, ndani kabisa ya msitu. Walikuwa wamefyeka kidogo wakapanda maharagwe ili wasife njaa. Hakuna mtu mjini aliyejua. Priscille alimnong'oneza mumewe wakiwa kitandani, akamwelekeza kwa mto na kwa kilima, akamwomba, "Angalia kwa picha yako. Kama shamba yao inaonekana, nitawatumia habari wahame."

Kesho yake Adrien alirudi na uso mtulivu. "Nimeangalia. Hakuna kitu. Musitu tu."

Priscille alimshukuru Mungu, na usiku ule alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu vita ianze.

Sasa matope. Aliviosha viatu, akavianika juani. Jioni ya pili vilirudi vimejaa tena, na ya tatu pia. Kisha ikaja sauti.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali, Priscille akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani na mtoto Arlette mgongoni. Alipoupumzisha mchi, mlio haukunyamaza. Kulikuwa na kitu kinachoendelea kupiga, polepole, ndani ya nyumba: jembe linaingia ardhini, linageuza bonge, linaingia tena. Alifikiri ni jirani. Aliufuata mlio mpaka chumbani na kumkuta Adrien amekaa katikati ya kitanda, amekunja miguu kama mtu aliyezungukwa na maji.

"Unasikia?" akamuuliza.

"Usiongee nguvu," Adrien alinong'ona. "Inasikia."

"Nini inasikia?"

Adrien alionyesha sakafu kwa kidole. Mlio ulikuwa chini yao, chini ya sima, saruji ya sakafu, na Priscille akiwa amesimama pale kizingitini aliuhisi ukipanda kwenye nyayo zake, ukisogea kutoka ukutani kuelekea kitanda, bila haraka, kama mkulima anayejua kwamba shamba lote ni lake na siku bado ni ndefu, na kila jembe liliposhuka Adrien alifumba macho, na kila liliponyanyuka harufu ya udongo uliogeuzwa ilijaa chumbani, udongo pamoja na kitu kingine, moshi wa majani mabichi na nywele zilizoungua, hata mtoto mgongoni akaanza kukohoa.

Walimwita katekista. Aliomba kwa sauti, akanyunyiza maji ya baraka pande zote za kitanda. Aliposema "Amina", jembe lilipiga mara moja chini ya miguu yake. Katekista alichukua kofia yake akaenda, na hakurudi kuuliza habari.

Baadaye sima ilipasuka upande wa kitanda alikolala Adrien, na katika ufa vikachomoza vichipukizi vyeupe kwa kukosa jua. Priscille alipiga magoti akang'oa kimoja. Ganda la mbegu lilikuwa bado limeng'ang'ania jani: jekundu lenye madoa meupe. Maharagwe ya mama yake. Mama alikuwa akichagua mbegu zile kwa mkono wake tangu Priscille ni msichana, na hakuna mtu Shari aliyekuwa nazo. Alibaki amepiga magoti, kile kichipukizi kiganjani, na kabla ya kuambiwa na mtu alijua kwamba mama hayupo tena.

Siku iliyofuata Michée alifika. Alikuwa amefungwa mkono kwa kitambaa, midomo imepasuka kwa kiu.

"Dada," alisema, akaketi chini palepale mlangoni. "Mama amekufa. Domitille pia, na batoto yake. Batu ya bunduki walichoma yote."

"Nani aliwaonyesha?"

"Hakuna mutu. Hawakuuliza njia. Walikuja moja kwa moja. Niliwaona, nilikuwa juu ya muti. Mukubwa yao alikuwa na karte mukononi, anaangalia karte, anaangalia kilima." Michée alikaza kitambaa cha mkono wake. "Karte ya ajabu, dada. Musitu yake yote ilikuwa nyekundu. Nani anachoraka musitu nyekundu?"

 Priscille aligeuka kuangalia mlango wa chumbani. Ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake pumzi ya mumewe ilikuwa imekatika, kama ya mtu anayesikiliza.

Angeweza kuingia amuulize. Lakini mdomo ule ulikuwa umeshamwambia "musitu tu", na hakutaka kuulizia tena mahali alipodanganywa. Alikwenda kumtafuta Mama Mbambu, mwanamke aliyeolewa kwa Waislamu wa mji wa Niania na kujifunza kwa baba mkwe wake kuwasomea watu wenye majini.

Mama Mbambu alikuja kabla jua halijashuka. Hakuuliza mengi. Alimketisha Adrien sakafuni karibu na ule ufa, akamfunika shuka nyeupe, akatia ubani kwenye makaa, akasoma. Alisoma mpaka moshi ukaacha kupanda, ukaanza kutambaa chini kama ukungu wa bondeni. Adrien alitetemeka. Kisha akatulia, na sauti iliyotoka chini ya shuka ilikuwa ya mzee sana, isiyokuwa na hasira.

"Hodi," ilisema.

"Weye ni nani?" aliuliza Mama Mbambu.

"Mwenye Lidha. Nilikuwa pale kabla ya njia, kabla ya vijiji. Bibi mumoja alikuja na batoto yake. Alimwaga unga chini ya muti, akaniomba nafasi. Akasema, tutalima kidogo, vita ikiisha tutaondoka. Nikamupa. Sasa bibi ni majivu, na nyumba yangu ni majivu."

"Nani alileta moto?"

"Uliza huu mudomo ninaoongea nayo."

Mama Mbambu aliivuta shuka. Adrien alirudi na macho yake mwenyewe, jasho likimtiririka, akamwona mke wake amesimama na Michée kando yake.

"Walikupiga?" Priscille aliuliza.

Adrien alitikisa kichwa.

"Walikuwekea bunduki kwa kichwa?"

"Hapana."

"Walitaka kumuua Arlette?"

"Hapana, Mama Arlette." Alikuwa akinong'ona, akiangalia sakafu. "Komanda ya wale batu ya bunduki alikuja biro. Alikaa kwa kiti, akaangalia kazi yangu yote. Tangu Wazungu waende, hakuna mutu aliangalia kazi yangu. Aliniita chef, kama mukubwa. Akasema vita ikiisha nitakuwa chef ya karte ya Ituri nzima. Akauliza kama naweza kuona mahali batu wamejificha. Nikamwambia... nikamuonyesha kwamba naweza." Akaanza kulia. "Nilifikiri watawafukuza tu."

Michée aliinua mkono wake mzima, kisha akaushusha, akatoka nje.

Mama Mbambu alimgeukia Priscille. "Mwanangu, nitakuambia kweli. Hii jini haitoki kwa kitabu yangu, kwa sababu haikuingia kwa ubaya. Ilikubaliana na mama yako. Mama hayuko, mapatano yake yamekufikia weye. Ukiiambia irudi, itarudi musituni. Ni weye tu."

"Sema," Adrien alimwomba. "Mama Arlette, nakuomba. Sema neno moja tu."

Chini ya sima jembe lilikuwa limesimama. Priscille alichukua kitenge, akamfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo. Alikunja nguo mbili, akachukua sufuria. Alifanya hayo yote polepole, na kila alipopita karibu naye Adrien alinyoosha mkono lakini hakuweza kuinuka. Mlangoni alisimama. Hakumtazama mumewe. Alitazama ule ufa wa sakafuni, akaongea kwa heshima, kama mtu anavyoongea na mkubwa wa nyumba.

"Mama yangu alikuomba nafasi, ukamupa. Na mimi nakupa hii nyumba. Kaa."

Mama Mbambu alimwaga maji juu ya makaa, akaokota vitu vyake, akamfuata nje.

Walishika njia ya kwenda Aru, Michée mbele na sufuria kichwani, katikati ya watu wengine waliokuwa wakikimbia na magodoro yao. Nyuma yao Adrien aliita jina la mkewe, tena na tena, kwa sauti iliyokauka. Kisha akanyamaza. Kutoka nyumba ile, kwa mdomo ule ule, taratibu kabisa, sauti ya mzee ikasema:

"Aksanti, mama."

Priscille alimkaza mtoto mgongoni, akaongeza mwendo.