Magoli Kumi na Saba ya Kambi ya Ushongo

Nina miaka hamsini na mbili, na nilikuwa nikiapa mbele za watu kwamba duniani hakuna jambo la kunishangaza mimi. Hakuna! Nimeibiwa, nimefilisika, nimezika, nimeinuka tena. Nikadhani yote nimeshayaona...

Wasomaji wenzangu, kwanza mnijue, ili mfahamu kwamba aliyeangushwa hapa si mtu mwepesi. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa madafu hapa Ngamiani, peku, na jua la Tanga mnalijua. Leo nina malori yanayobeba machungwa kutoka Muheza mpaka ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Sikurithi hata kijiko! Wenye vyeti vyao wanakuja kwangu kuomba kazi, na nawapa. Sijisifu, nasema yaliyopo.

Starehe yangu ni moja tu, mpira. Miaka minne nimekuwa mfadhili wa timu ya ligi. Jina lake silitaji, mwenye macho haambiwi tazama.

Katika mkasa huu kuna watu wawili wa kuwajua.

Wa kwanza ni Hatibu, mtoto wa marehemu kaka yangu. Kaka alipofariki, Hatibu alikuwa na miaka saba. Nikamchukua. Akala alichokula mwanangu, akalala alipolala mwanangu, na sikuwahi kuona tofauti. Akaniita Baba mdogo. Alipokua akawa mshambuliaji wetu, na msimu uliopita alifunga magoli tisa katika timu ambayo nusu yake ilikuwa haijui kutoa pasi.

Wa pili ni Mzamilu, kaka wa mke wangu, katibu wa timu. Mimi ndiye niliyempa ukatibu. Mdomo wake ni asali... na mimi nilikuwa siku zote nimeshika mkate.

Ligi ilipokwisha, tukiwa tumeponea chupuchupu kushuka daraja, Mzamilu akanijia. Akasema watu wananicheka mjini. Ati timu imekuwa ya ukoo, tajiri kamweka mtoto wa kaka yake mbele na timu inazama. Akasema yeye ana mshambuliaji kutoka ng'ambo ya mpaka, anaitwa Bazuka, jitu la mita mbili, akipiga mpira kipa anaomba likizo.

Nikamwambia mimi sinunui kitu kwa kusimuliwa. Chungwa nalishika, nalikamua, nalionja. Yeye akacheka, akasema, "Ndiyo maana nakupenda, shemeji. Tumpeleke kambini, umwone kwa macho yako kabla hujatia sahihi."

Kwa macho yangu! Mnaona alivyonijua?

Tukaweka kambi ya maandalizi Ushongo, ufukweni upande wa Pangani. Asubuhi vijana wanakimbia mchangani mpaka mapaja yanawaka, kisha chai na mihogo, jioni mechi ya kirafiki na timu za vijiji vya jirani. Siku zote pwani yetu ina desturi yake: timu ya mjini ikienda kucheza kijijini haiendi mikono mitupu. Inapeleka jezi na mipira miwili mitatu, na wenyeji nao wanaipokea kwa chakula na heshima.

Mzamilu akasema zawadi atazitanguliza yeye, siku moja kabla ya kila mechi, azungumze na wazee wa kijiji. Nikamsifu kwa ustaarabu. Wallahi nilimsifu, mbele ya kocha!

Mechi ya kwanza Bazuka alifunga manne. Ya pili mawili. Ya tatu akafunga matano, moja kwa kisigino, nikaruka kwenye kiti nikapasua suruali. Mechi sita, magoli kumi na saba! Nilirudi Ngamiani nikakaa kijiweni, nikatangaza kwa sauti kwamba msimu huu mtu wangu atafunga thelathini, na asiyeamini alete kiti chake uwanjani akae. Nikachinja mbuzi wawili. Watu wakala, wakanipigia makofi.

Ni mtu mmoja tu aliyeniambia ukweli.

Baada ya mechi ya tano Hatibu alinifuata, timu nzima ikiwa imekaa chini inakunywa maji. Alisema kwa adabu, nusu anacheka, "Baba mdogo, huyu kipa anaruka mpira ukishapita. Na mabeki wanampisha Bazuka kama wanampisha bwana harusi. Usitie sahihi kwanza. Tutafute timu ya mjini, tucheze nayo moja."

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini Mzamilu alikuwa ubavuni mwangu. Akaninong'oneza neno moja tu. Wivu.

Damu ikanipanda. Nikasimama. Mbele ya wachezaji wote na kocha wao, nikamwambia, "Wewe yatima nimekuokota! Wali wangu umekushibisha mpaka unanifundisha mpira? Kama si mimi ungekuwa unaosha vyombo vya watu!"

Mchezaji mmoja alikuwa anakunywa, nilimwona ameshikilia chupa mdomoni bila kumeza...

Hatibu alivua viatu vya mpira, akavikung'uta mchanga, akavipanga mbele ya miguu yangu. Akasema, "Ahsante kwa malezi." Akaondoka peku kuelekea barabarani.

Mngedhani nilimfuata? Sikumfuata! Nilisema aende, njaa itamrudisha. Baada ya wiki mbili timu ya mkoa mwingine ikaleta barua ya kumtaka. Nikaitia sahihi siku hiyohiyo, kwa kalamu yangu, nikiwa nimekunja nne. Na Bazuka nikampa mkataba wa miaka miwili, fedha za usajili akachukua papo hapo.

Ligi ikaanza.

Mechi ya kwanza Bazuka alikosa goli na kipa amekaa chini. Ya pili akapiga penalti ikapita juu ya mwamba, ikatoka nje ya uwanja, ikamkuta muuza kahawa. Mechi ya tatu, ya nne, ya tano... sifuri! Mpaka ya saba, sifuri! Kocha akaniambia kwa upole kwamba kijana anashangaa sana akikabwa, kama mtu ambaye hajawahi kukabwa. Nikamfokea kocha. Nikamfukuza.

Mjini sikupita. "Tajiri, Bazuka lako linapiga risasi au maji?" "Tajiri, kiti nimeleta, niendelee kukaa?" Mimi! Watu waliokula mbuzi wangu!

Mechi ya nane ikaja timu ya Hatibu, hapa hapa nyumbani kwetu. Alitufunga mawili. La kwanza kwa kichwa, la pili aliwalamba chenga mabeki wawili akaweka mpira kwenye kona, polepole, kama mtu anayeweka yai kikapuni. Hakushangilia. Alirudi katikati ya uwanja ameinamisha kichwa, na mashabiki wetu sisi wakamshangilia.

Filimbi ya mwisho ilipolia akaja kuwaamkia wazee wa benchi letu, mmoja mmoja. Nikasema sasa ataniita Baba mdogo, tutashikana mikono, basi yaishe.

Akanipa mkono. Akasema, "Shikamoo, mzee."

Mzee! Mlezi wake kwa miaka kumi na tano, akaniita kama anavyomwita mlinzi wa geti! Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Sikujua bado kwamba hasira yangu imekosea mlango.

Mwezi uliofuata nilikwenda upande wa Pangani kununua nazi. Gengeni nikamkuta jamaa mmoja amevaa jezi yenye jina la biashara yangu mgongoni. Nikamkumbuka, alikuwa kipa wa kijiji kimoja tulichokifunga. Akanikimbilia kwa furaha.

"Shikamoo tajiri! Msimu ukiisha mnarudi kambi? Maana jezi hizi zimeanza kuchanika."

Nikamwambia mazoezi kwanza, mnafungwa sana nyinyi.

Akacheka, akanipiga begani! "Aa, tajiri, hilo lisikupe shida. Mkitaka matano, mkitaka saba, katibu wenu aseme tu. Sisi tumeshazoea."

Nikamuuliza mmeshazoea nini.

Yule mtu hakuwa na hila, ndiyo maana aliniua. Alieleza kama anavyoeleza bei ya nazi. Kwamba katibu alikuja siku moja kabla, akakaa na wazee wa kijiji, akawaambia tajiri ni mgeni wenu, anakuja na mchezaji wake kipenzi, na mgeni haaibishwi. Jezi zipo ndani ya gari. Mchezaji akifunga, jezi zinashuka. Akikabwa, zinarudi Tanga.

"Sasa tajiri, nani anakataa jezi?" akasema. "Halafu kumfurahisha mgeni ni thawabu. Mimi lile la kisigino nililiachia lipite kwa mikono yangu miwili, na ulivyoruka! Kijiji kizima kilifurahi kukuona unafurahi."

Nilikaa kwenye gunia la nazi. Kumbe sikuwa naangalia mpira. Nilikuwa nakirimiwa! Nimekirimiwa vijiji sita, kwa jezi nilizolipia mwenyewe!

Bazuka nilimhoji kwanza. Alilia, mtu wa mita mbili. Akakiri kwamba nusu ya fedha zake za usajili alichukua Mzamilu. Lakini mambo ya jezi hakuyajua. "Mzee, hata mimi niliamini," akasema. "Nilimpigia mama simu nikamwambia mguu wangu umefunguka." Huyo sikuweza hata kumtukana.

Mzamilu nilimkuta nyumbani kwangu, mezani kwangu, anakula samaki wangu! Nikamwambia yote niliyosikia. Mnadhani alishtuka? Alinawa mikono taratibu.

"Shemeji," akasema, "wewe ulitaka magoli. Nimekuletea magoli. Nimekosea wapi?"

Nilimshika shati, likachanika. Nilimtoa nje kwa kumburuta, na majirani ni mashahidi. Ukatibu ukaishia pale mlangoni. Hakurudisha hata senti, na mpaka leo akipita mtaa wa pili anageuza shingo.

Nikaingia ndani natweta. Nilitegemea mke wangu atamtetea kaka yake, nimmalizie yeye hasira iliyobaki. Hakumtetea. Alikuwa amekaa, anachambua mchele.

"Mzamilu kakuibia," akasema, "na mimi ndugu yake nitamwambia usoni. Lakini neno la uyatima, baba watoto... hilo nani alikutia mdomoni?"

Ni kweli, Mzamilu alisema wivu. Uyatima niliusema mimi. Neno hilo nilikuwa nalo tumboni miaka yote ile, bila kujua?

Nilisafiri nikamfuata Hatibu kwake. Alinipokea vizuri, alinipa maji, akanipikia kwa mkono wake. Nikamwomba radhi, na mimi si mtu wa kuomba radhi. Akasema ameshasamehe, nisisumbuke. Halafu akasema, "Karibu tena, mzee." Nikajua mlango nimefunguliwa, ila nimekalishwa ukumbini pamoja na wageni.

Sasa sikilizeni lililonimaliza.

Mwezi jana nimesikia kwa muuza mkaa kwamba Hatibu ameposa. Binti wa hapa hapa Ngamiani, barabara chache tu kutoka kwangu! Kazi ya kupeleka posa ya yule mtoto ni yangu. Kaka yangu yuko kaburini, mimi ndiye baba. Lakini barua ya posa ilipelekwa na kocha wake mpya, Mlutheri mstaarabu kutoka milimani, ambaye ilibidi aulize barazani barua hufungwa kwenye kitambaa cha namna gani. Yeye na wenzake walipita mbele ya mlango wangu wakaenda. Na wazee wa bibi harusi walipouliza kijana hana baba mdogo hapa mjini, kocha alijibu alivyoagizwa: kijana ni yatima.

Yatima! Nilimpa jina mwenyewe, ameliitika.

Ndugu wasomaji, wenye fedha na wasio nazo, nawasihi. Ukiwa mkubwa, watu watakufurahisha. Watalegeza mikono mpira upite, kwa sababu unataka kuona nyavu zinatikisika. Anayekuudhi mbele za watu mchunguze kabla hujafungua kinywa, huenda ni yeye peke yake anayecheza mchezo wa kweli. Na mtoto wa ndugu yako usimhesabie wali aliokula. Usithubutu! Wizi wa Mzamilu naweza kuufidia, najua fedha zinakopatikana. Ningeambiwa leo nilipe mara ya pili ili niitwe kupeleka ile barua, ningelipa kabla ya adhuhuri na nauli juu. Hakuna aliyeniambia.

Bazuka nimevunja naye mkataba, nikamlipa stahili zake zote akavuka Horohoro kurudi kwao. Ili kumlipa nimeuza lori. Mkinikuta barabarani msinipe pole, siitaki. Mkiniuliza hasara yangu ni kiasi gani nitawajibu, maana nimeijumlisha mwenyewe kwa darasa langu la nne, usajili, mishahara, kambi, mbuzi, jezi na kuvunja mkataba, na haipungui wala haizidi: shilingi milioni arobaini na tatu, laki sita na elfu sabini na tano.