Maneno Yaliyobaki Ndani ya Barua

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mhudumu alifungua chumba cha mkemia mkuu wa maabara ya maji. Kiti kilikuwa kitupu, kompyuta inawaka, na kwenye skrini kulikuwa na barua: "Mume wangu, nimechoka. Nimeondoka kwa hiari yangu. Msinitafute."

Saa nne Inspekta alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile. Kituoni walimwita Chekeche, maana hakuna neno lililompita hivihivi. Alianza na mume.

"Aliondoka nyumbani lini?"

"Jana, saa tisa alasiri. Alisema anapitia ofisini mara moja."

"Majirani wanasema mlipigiana kelele juzi."

"Sikatai, afande. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Pacha wetu wanaharisha wiki nzima, na yeye haachi kazi." Akaitazama skrini, akakunja uso. "Lakini mke wangu hajawahi kuniita 'mume wangu'. Mimi kwake ni Baba Pacha."

Inspekta hakumwamini wala hakumkatalia. Mume mwenye hatia naye angeweza kusema hivyo. Akaagiza apelekwe kituoni.

Aliyefuata alikuwa msaidizi wa mkemia, bwana nadhifu wa chumba namba sita.

"Mimi jana sikukanyaga hapa," alisema. "Nimerudi Alhamisi tu kutoka likizo, nilikwenda kumwozesha mdogo wangu. Ila huyo shemeji... lisemwalo lipo, afande."

Akainuka na kwenda kufungua mlango kabla hajaruhusiwa kutoka. Inspekta akaliweka hilo moyoni.

Alipobaki peke yake, alinakili faili la ile barua kwenye kompyuta yake ya mkononi. Programu ya pale ofisini ilikuwa ya zamani. Ukifuta maneno, hayaonekani tena kwenye skrini, lakini mara nyingi hubaki ndani ya faili, yamechanganyika na alama za mashine zisizosomeka. Akaandika amri moja, strings, na jina la faili. Kazi ya amri hiyo ni kuacha alama zote na kutoa maneno yanayosomeka tu.

Mistari ikashuka. Mwanzo ilikuja barua yenyewe. Kisha sentensi ambayo hakuna aliyeiona kwenye skrini: "Naomba siku tatu nikamwozeshe mdogo wangu." Mwishoni kabisa ulikuja mstari unaoonyesha faili lilikotengenezwa: kompyuta ya chumba namba sita. Lilihifadhiwa mara ya mwisho Jumapili, saa kumi na moja na dakika kumi jioni.

Akapiga simu zahanati. Saa hiyo mume alikuwa pale na pacha wote wawili. Muuguzi alimkumbuka vizuri.

Saa sita kasoro, msaidizi aliitwa tena. Inspekta akamgeuzia kompyuta.

"Soma."

Alisoma.

"Ulichukua barua yako ya likizo, ukafuta maneno, ukaandika mengine juu yake. Ukaja kuiweka kwenye kompyuta yake. Yuko wapi?"

"Afande, mtu yeyote angeweza kuingia chumbani kwangu..."

"Sijakuuliza nani ameingia chumbani kwako. Nimekuuliza mama wa watu yuko wapi!"

Kisha bwana yule nadhifu akajikunyata kama nguo iliyokamuliwa.

"Yu hai," alinong'ona. "Nilimfungia nyumba ya pampu ya zamani, nyuma ya matangi. Sikutaka kumuua. Nilitaka nafasi ya kutoroka tu."

"Kwa kosa gani?"

"Maji ya bomba la mashariki. Miezi mitano sijayapima. Nilikuwa naandika majibu kwa kukisia. Watoto wake walipougua, akayapima mwenyewe jana, akayakuta machafu. Akasema leo asubuhi anatangaza."

Mlango wa nyumba ya pampu ulivunjwa saa sita na nusu. Mkemia mkuu alikuwa ameegemea ukuta, midomo imepasuka kwa kiu, sauti imekwisha kwa kuita. Mumewe, aliyekwisha kuachiliwa, alipiga magoti akampelekea kikombe cha maji mdomoni.

Mama Pacha alikisogeza kando.

"Kwanza niambie, Baba Pacha," alisema kwa taabu. "Haya mmeyachota bomba gani?"