Modemu ya Tatu

Rafiki yangu Kioko ni fundi wa kompyuta huko Changamwe. Mwezi uliopita alizunguka kutwa akitafuta modemu ya simu ya mezani itakayokubaliana na mfumo wa Linux, kwa mashine kuukuu ya bohari moja. Mbili zilikataa. Jioni, akiwa hoi, miguu ikimuuma, akaijaribu ya tatu ndani ya stoo ya bohari hiyo, isiyo na dirisha, taa yake imeungua. Ikakubali. Ikakwaruza, ikapiga mluzi, ikanyamaza.

"Nyamvula, nimulikie tochi," akamwita karani aliyekuwa nje.

"Abee," sauti ya mwanamke ikaitika polepole, kutoka ndani ya modemu.

Nyamvula akaingia na tochi. "Nani huyo aliyeitika?"

Waya wa simu ulikuwa bado mkononi mwa Kioko, haujachomekwa popote.

"Abee," ile sauti ikaitika tena, na safari hii hakuna aliyeita.